Kofi Halikuwa Ndiyo

Siku ya tisa ilifika sijasema neno na Sanit, isipokuwa kumwambia nampenda. Hilo nilimwambia mara tatu kwa siku, saa saba mchana, saa kumi na saa moja jioni, mbele ya watu mia sita, kwa sauti nyembamba ya binti wa Bangkok ambaye mimi siye. Taa zikiwaka nakunja karatasi zangu, navaa kandambili, napita mbele yake utadhani napita nguzo ya umeme.

Ndiyo kazi yetu. Filamu za siku zile zilifika mjini kwetu Ubon kwa basi, zimefungiwa kwenye makopo, bubu kabisa. Sisi wawili tulikaa kwenye kibanda cha mbao nyuma ya ukumbi, kipaza sauti kimoja katikati, tukawasemea watu wa kwenye pazia. Sanit alikuwa wanaume wote: mashujaa, majambazi, babu wa kijiji. Mimi nilikuwa wanawake wote, pamoja na vichanga na mizimu. Mvua ilikuwa mchele kwenye ungo, farasi walikuwa vifuu viwili vya nazi. Na kofi, kila binti alipompiga shujaa kofi, Sanit alijipiga paja kwa kiganja. Mwenyewe alikuwa akitania kwamba paja lake la kushoto limekufa ganzi kwa ajili ya mapenzi.

Sasa niseme alichonifanyia, maana najua kuna mtu ameshaanza kuona kwamba nadeka.

Ilikuwa siku ya sherehe ya kurusha maroketi angani kuomba mvua. Mji mzima ulikuwa uwanjani, umelowa tope na kucheka. Mimi na yeye tulirudi sinema kuchukua mwavuli wangu, na pale kwenye stoo ya makopo akanishika kiuno. Nisidanganye, moyo wangu ulikuwa wake tangu mwaka wa pili wa kazi. Mtu akishakuambia anakupenda mara elfu mbili kwa sauti kama ile, hata kama anasoma, kuna kitu kinaingia. Lakini siku ile sikutaka. Sababu sikuwa nayo, wala sikuona kwa nini niitafute.

"Acha, Kaka Sanit," nikasema.

Akacheka.

"Acha bwana. Sitaki."

Akanishika mikono yote miwili, akazamisha pua shavuni kwangu na kuvuta pumzi ndefu, namna wapendanao wa kwetu wanavyobusiana. Kisha akasema kwa sauti yake ya kazi, ile ya kushuka chini taratibu: "Mdomo wako unanifukuza, macho yako yananiita."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia katika filamu kumi na moja. Mara zote kumi na moja, aliyekuwa akifukuza ni mimi.

Nikauchomoa mkono mmoja, nikamchapa kofi. Kofi la kweli, si la paja. Na Sanit, badala ya kushtuka, akaniachia na mkono wa pili, akatabasamu! Akaondoka anapiga mluzi. Asubuhi yake akaniletea shada la asumini, na jioni shangazi yake alikuwa barazani kwa mama yangu, anaulizia siku ya kuleta wazee wa posa.

Ungetia sauti filamu za miaka ile ungemwelewa. Katika filamu zetu kofi lilikuwa nusu ya njia. Baada yake inanyesha mvua, mlango wa kibanda unafungwa, na harusi inafuata. Miaka sita Sanit amekuwa akipigwa makofi na kuoa. Wala hakuwa na ubaya wa moyo, na hilo ndilo lililonitisha. Ningejua namna ya kumkimbia mtu mbaya.

Shangazi alijibiwa palepale na mama: waje Jumapili ya wiki inayofuata. Mimi nililetewa habari pamoja na chakula cha jioni.

*

Ijumaa asubuhi mama alikuwa chini ya nyumba yetu iliyoinuliwa juu ya nguzo, kwenye kitanda chake cha kufumia hariri. Baba alitutoka nikiwa na miaka kumi, na kitanda kile ndicho kilichonisomesha. Namshukuru mama yangu kwa mengi, hata siku ambazo nilitamani kuzificha nyuzi zake.

"Jumapili utavaa ile ya zambarau," alisema bila kuinua macho.

"Mama, mimi sijakubali."

"Nani kakuuliza kama umekubali? Nimekwambia utavaa nini."

"Nilimwambia aache. Hakuacha."

"Kwani alikufanya nini? Kakunusa shavu. Shavu lenyewe liko wapi? Si hilo hapo usoni, zima?"

"Nilimwambia mara mbili, Mama."

"Mara mbili!" Akacheka. "Mimi baba yako nilimwambia aache toka mavuno mpaka mavuno. Mwanamke akisema ndiyo mara ya kwanza, watu watamwonaje?"

"Na akiwa hataki kweli? Aseme nini?"

Mguu wa mama ukasimama kwenye kikanyagio. Kisha akaanza kufuma tena, kwa kasi zaidi kuliko mwanzo.

"Una miaka ishirini na sita, Lamduan. Wenzako wanapeleka watoto shule. Mwanamume ana kazi, hanywi, hana mke wa siri, na sauti ile! Mimi mwenyewe nikimsikia nasahau kuhesabu nyuzi. Unataka nini tena?"

Nilitaka jibu la swali langu. Nilichukua mwavuli nikaenda kazini.

*

Ijumaa ilikuwa siku ya filamu mpya. Karatasi za maneno tulikuwa tumegawana tangu jana yake, kila mtu kaenda kuzisoma kwake, maana zoezi la pamoja lilikuwa limekufa tangu siku ya maroketi. Nilisoma mpaka ukurasa wa arobaini na moja nikaziweka chini. Mtoto wa tajiri wa mashamba anamvuta binti wa mfuga viwavi wa hariri mpaka kwenye kibanda cha shambani. Binti anapiga kofi. Binti anapiga kifua cha bwana kwa ngumi. Halafu mwandishi wa Bangkok, ambaye sijui jina lake wala nyumbani kwake, ameandika: "Usi… usinifanyie hivi… Kaka… (sauti inafifia)." Asubuhi binti anamchana shujaa nywele na kusema, "Sasa mimi ni wako."

Nilikuwa nimezififisha sauti kama hizo mara ngapi? Nilikuwa fundi wa kuzififisha. Marehemu Bibi Sawai, mwalimu wangu, Mungu amlipe mema, alinifundisha kuanza kupunguza pumzi pale ngumi zinapolegea, ili watu wa viti vya mbele wasikie mwanamke anayeyuka. Na watu walipenda. Ukumbi ulipiga miluzi, vijana waligonga viti, wasichana walifunika nyuso na kuchungulia kwenye vidole. Nami kibandani nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Saa saba kasorobo nikaingia kibandani. Sanit alikuwa ameshafika, amechana nywele kwa maji, amenisogezea feni upande wangu.

"Feni inakufikia?" akauliza.

Nikapanga karatasi zangu.

"Lamduan, hata kunitukana? Nitukane basi nijue niko hai."

Nikaunganisha viganja mbele ya kipaza sauti, kama tunavyofanya kabla ya kila onyesho kuwashukuru walimu waliotupa sauti. Naye akaunganisha vyake. Tukainamisha vichwa bega kwa bega, na harufu ya sabuni yake ikanifikia, na Mungu wangu, nilimpenda. Nilimpenda nikiwa nimekasirika hivyo hivyo. Nilichokuwa nataka kujua ni kitu kimoja tu kabla ya Jumapili: siku nikisema hapana ndani ya nyumba yetu, mlango umefungwa, je, huyu bwana atanisikia?

Taa zikazimika.

*

Tulikwenda vizuri mpaka ukurasa wa arobaini. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake wa soko la samaki walikuwa kwenye mabenchi yao ya kushoto na vikapu vyao, vijana wa chuo cha ufundi upande wa kulia. Mwigizaji yule mzuri wa Bangkok akamshika binti mkono, na miluzi ikaanza hata kabla hawajafika kwenye kibanda.

Binti akainua mkono kupiga kofi. Sanit akapiga paja, pa!, na vijana wakashangilia: "Bado nusu ya njia!"

Zamu yangu. Kwenye pazia mdomo wa binti ulikuwa unacheza haraka haraka, na mimi niliitazama karatasi na kuona siwezi. Basi nikamwacha binti wa Bangkok, nikasema kwa sauti yangu mwenyewe, kwa lugha ya kwetu ya jikoni ambayo haikuwahi kutoka kwenye mdomo wa mwigizaji yeyote mwenye nywele za kuchongwa.

"Hapana. Sitaki."

Mdomo wake ulikuwa bado unacheza. Nikaujaza.

"Sioni haya. Sikuchezei. Si kwamba nataka uniombe zaidi. Kofi nililokupiga halikuwa ndiyo. Kofi lilikuwa kofi. Niachie mikono yangu niende nyumbani."

Miluzi ikapungua, mmoja mmoja, mpaka nikasikia projekta inavyozunguka. Kijana mmoja wa kulia akapaza sauti: "Shujaa, usimsikilize!" Wenzake wakacheka, lakini si wote.

Picha ikageukia uso wa shujaa. Hapo ndipo palikuwa na mstari wa Sanit, nao, amini usiamini, ulikuwa ule ule. Mdomo wako unanifukuza. Niligeuka nikamtazama, mara ya kwanza kwa siku tisa. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Mwanga wa taa yetu ndogo ulimwangazia kidevu. Alitazama mstari, akanitazama mimi, akautazama tena mstari.

Kwenye pazia mdomo wa shujaa ukafunguka, ukafungika, ukafunguka.

Kimya.

Sanit akaishusha karatasi. Alinitazama tu, macho yamemtoka, na nikaona kabisa jambo likimwingia. Nikaona stoo ya makopo inapita usoni mwake, na mikono yangu, na lile tabasamu lake la kijinga.

"Sauti!" wakapiga kelele huko mbele. "Sauti! Sauti!" Miguu ikaanza kupigwa sakafuni. Mjomba Phian, mwendesha projekta, akagonga ukuta: "Nyie! Waya umekatika?"

Sanit akasogea kwenye kipaza sauti. Sauti iliyotoka haikuwa ya shujaa wala ya jambazi. Ilikuwa ya mtoto wa fundi baiskeli wa ng'ambo ya mto, yenye mikwaruzo, ambayo nadhani wengi mle ndani hawakuwahi kuisikia.

"Waya haujakatika, jamani. Mashine ni nzima. Ni mimi. Huyu bwana ameambiwa hapana, na mimi sina la kumsemea."

Ukumbi ukavurugika. Huyu anacheka, yule anapiga mluzi, wa nyuma anadai tikiti yake. "Mmeleta mahubiri?" akauliza mzee mmoja kwa hasira. "Nimekuja kuona mapenzi mimi!" Na kwenye pazia shujaa anaendelea zake, hasikii, anamsukuma binti mlangoni.

Hapo akasimama Bibi Khamsing. Ni muuza samaki, umri wake unapata sitini na tano, na alikuwa na benchi lake la Ijumaa tangu sinema ilipofunguliwa. Akamnyooshea shujaa kidole.

"We kiumbe! Si kakwambia hataki? Mwachie mtoto wa watu!"

"Mwachie!" akaitika mwingine wa sokoni.

"Mwachie! Mwachie!"

Benchi zote za kushoto zikasimama, kisha na wasichana wa kulia. Mlango wa kibanda cha shambani ukafungwa, mvua ikaanza, na mimi sikuugusa ule mchele. Mvua ile ilinyesha bila sauti, huku wanawake mia mbili wakimpigia kelele mtu wa picha. Walijua hawezi kuwasikia. Nadhani ndiyo maana walipiga kelele vile.

Ikaja asubuhi ya kuchana nywele. Nilikuwa na pumzi mbili tu za kufikiri.

"Nakuchana," nikamtia binti maneno, "ili ukasimame mbele ya baba yangu na mkuu wa polisi ukiwa nadhifu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kwa bahati mbaya yake, shujaa alikuwa anatabasamu kwenye picha. Nikamtazama Sanit, sasa ajitoe mwenyewe. Akavuta pumzi.

"Nitakwenda," akasema taratibu. "Na nikifika, sitasema ulitaka."

Kicheko kikakatika. Mahali fulani kwenye giza mwanamke alipenga kamasi kwa leso.

Harusi ya mwisho ilitutoa jasho. Picha haibadiliki, watu wamevaa, maua yamemwagwa. Nilimwandikia Sanit neno moja pembeni ya karatasi: "ndoto". Akalidaka. Shujaa wetu akasema kwamba yuko gerezani usingizini, na hivi ndivyo ambavyo angeoa laiti angeuliza kwanza. Mjomba Phian alicheka mpaka nusura aunguze filamu.

*

Taa zilipowaka, Sanit alisimama kabla yangu. Akachukua kofia akatoka mbio, nikasikia baiskeli yake inagonga ngazi.

Nyuma yake akaingia Tajiri Heng, mwenye sinema, amelowa jasho kwenye kola.

"Mmeniulia filamu," akasema. "Bangkok wakisikia nitawajibu nini?"

"Utawajibu mtia sauti wako amechizika."

"Wanaume wamekasirika. Mzee mmoja ananiambia alilipa aone mahaba, kaona kesi."

"Na wanawake?"

Akajikuna shingo. "Wanawake wapo dirishani wananunua tikiti za saa kumi. Wanawaita na dada zao." Akanitazama kwa mashaka, kisha akashusha sauti. "Sikia. Semeni mlivyosema. Lakini Sanit asinyamaze kirefu hivyo, watu watadhani vifaa vyangu vibovu."

Akatoka. Mlangoni palikuwa na Bibi Khamsing na kikapu chake. Akanipa samaki wa kuchoma na kifurushi cha wali wa kunata, akaunganisha viganja kunisalimu, mimi mtoto kwake! Nikainama haraka chini yake, nimeona aibu.

"Bibi, usinifanyie hivyo."

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mume wangu alinipeleka kwenye kibanda cha mpunga, nina miaka kumi na saba. Watu wakasema nilikubali, maana nilitoka nimetulia. Tukaoana. Nimezaa naye saba, si mtu mbaya, kesho akifa nitamlilia." Akapanga upya kifuniko cha kikapu. "Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza nilisema nini mle ndani. Leo nimeisikia sauti yangu. Asante."

Akaenda zake kuuza samaki. Nilikaa juu ya kopo la filamu na wali ule mapajani, nikalia, nikala, nikalia. Nimepewa mashada mengi katika kazi hii. Asante ile ndiyo niliyobaki nayo.

*

Nilikwenda nyumbani kupumzika kabla ya saa kumi, na baiskeli ya Sanit ilikuwa imeegemezwa kwenye ngazi yetu. Nilisimama nyuma ya mtungi wa maji. Ndiyo, nilisikiliza. Nani asingesikiliza?

Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameikunja upande kwa heshima, mbele ya mama na kitanda chake cha hariri.

"Wazee wangu hawaji Jumapili, Mama."

"Mgonjwa nani?"

"Hakuna mgonjwa."

"Umepata mwingine?"

"Hapana. Sitaki mwingine."

"Sasa unanichezea? Nimeshawaambia majirani! Kuku nimeshawaagiza!"

"Nisamehe. Ni kosa langu, si lake. Sikumuuliza Lamduan. Nilimshika, akaniambia acha, sikuacha. Akanipiga kofi, mimi nikafurahi." Sauti ikamkwama. "Nikafurahi, Mama! Nikamtuma shangazi. Sijui nilikuwa na akili gani."

"Mambo ya kunusana ya vijana hayo."

"Leo wanawake wa ukumbi mzima wamesimama wanapiga kelele, mwachie, mwachie. Walidhani wanamwambia yule wa kwenye picha. Walikuwa wananiambia mimi."

Mama akageukia hariri yake. Akashika uzi mmoja, akauviringisha kidoleni, akauachia.

"Na yeye umeshamwomba radhi?"

"Bado. Sijui kama atataka kunisikia. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe ndiye ungemvalisha Jumapili."

Nikatoka nyuma ya mtungi. Sanit akaruka utadhani ameona mzimu, na mizimu yote ya mjini alikuwa amezoea kuisikia kwa sauti yangu.

"Njoo umsikie mwenzako," mama akaniambia. "Amepigwa na jua."

"Nimemsikia."

"Lamduan," Sanit akasema. Aliunganisha viganja, akainamisha kichwa chini kuliko anavyoinama mbele ya walimu. "Uliniambia acha mara mbili. Nilisikia zote mbili. Sitasema sikusikia. Nisamehe, au usinisamehe, ila nilitaka ujue kwamba nilisikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno matamu. Alikuwa nayo mengi, angeweza kuniangusha kwa lolote. Hakutumia hata moja. Ndipo hasira ya siku tisa ikaanza kunitoka, nikakaa kwenye ngazi.

Mama alitutazama kwa zamu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Aliinuka kutoka kwenye kitanda cha hariri, kazi ikiwa katikati, akaja kukaa ngazi moja chini yangu, akageuza uso juu.

"Asubuhi uliniuliza kitu," akasema. "Mwanamke akiwa hataki kweli, aseme nini. Nimefuma vibaya tangu asubuhi, angalia, nimeharibu hariri yote ile. Sina jibu. Hata mimi nilikuwa nalitaka, zamani." Akanishika goti. "Basi nakuuliza. Wewe mwenyewe. Huyu bwana unamtaka, humtaki?"

Sanit aliinamisha macho kwenye mkeka. Hakuniangalia kunishawishi. Namshukuru mpaka leo kwa kutonitazama.

"Namtaka, Mama," nikasema. "Jumapili ndiyo sitaki."

"Lini basi?"

"Sijui. Nikijua nitasema."

Mama akafungua mdomo, na nilijua orodha nzima ya majirani inakuja. Lakini Sanit alimtangulia.

"Sawa," akasema.

Sawa tu! Nikangoja kitakachofuata. Miaka sita nimekaa na mtu huyu, namjua, baada ya sawa lazima ije lakini, na baada ya lakini ije sauti ile ya kushuka chini. Hakikufuata kitu. Alivaa kofia, akamsalimu mama, akachukua baiskeli.

"Saa kumi kasoro robo," akanikumbusha. "Nikupakie?"

"Hapana. Nataka kutembea."

"Sawa."

Akashuka kwenye kiti alichokuwa ameshapanda nusu, akatembea upande wa pili wa baiskeli, akiisukuma juani, tumechelewa vile. Tulipita soko, tulipita duka la vitambaa, na mlio wa mnyororo ulikuwa ndio mazungumzo yetu yote. Nilimwona anatafuta neno na kuliacha lipite. Na mimi njiani pale, katikati ya watu na vumbi, nilijisikia mwepesi, nimeshiba, nina furaha, kwa sababu nilikuwa nimesema hapana mara mbili ndani ya saa moja na dunia ilikuwa bado iko sawa, na mwanamume ninayempenda alikuwa bado yuko kando yangu.

"Kaka Sanit."

"Naam."

"Asante."

Akageuka, ameshangaa. "Ya nini? Sijasema kitu."

"Ndiyo hiyo," nikamwambia.

Akafungua mdomo, akaufunga, akaendelea kusukuma baiskeli.